Roboti za seli za chura: hamna chuma, na hakuna aliyeumba uhai

Kila baada ya muda kuna klipu inazunguka kwenye magrupu, "wanasayansi watengeneza roboti hai INAYOZAA", chini yake watu wanaandika kiama kimefika. Tulieni kwanza.

Dhana ya kwanza ni kwamba kuna waya na nyama vimechanganywa. Hamna waya, hamna betri, hamna chipu. Zinaitwa zenoboti, zilitangazwa Januari 2020 na watafiti wa vyuo vikuu vya Vermont na Tufts kule Marekani, na ni seli tupu za chura, Xenopus laevis, chura wa huku kusini mwa Afrika (huyu huyu zamani alikuwa kipimo cha mimba, anadungwa mkojo wa mama, akitaga mayai basi majibu ndo hayo). Kompyuta ilijaribisha maumbo kibao, lile lililoonekana linatembea vizuri likachaguliwa, halafu ikabidi mtu akae kwenye hadubini na kibanio chembamba na kiwaya cha kuunguzia, achonge donge la seli kwa mkono, taratibu, donge lenyewe halifiki milimita moja. Seli za moyo zinadunda zenyewe, ndo injini hiyo, za ngozi zinashika umbo. Jeni hazikuguswa hata moja.

"Sasa si zinazaa, zitatujaa?" Hapa ndo chumvi imezidi. Kilichoonekana Novemba 2021 sio kuzaa kama kuku. Zenoboti za safari hii ni aina nyingine, haziendeshwi na seli za moyo, zinaogelea kwa vinyweleo vidogo, na watafiti wakimwaga seli zilizotawanyika kwenye sahani ya maabara zinazisukuma huku na huku mpaka zinakuwa vibonge, na kibonge kikikaa siku kama tano kinaota vinyweleo vyake na kuanza kuogelea. Zikiachwa na umbo la duara mchezo unaisha haraka, kompyuta ikapendekeza umbo la chapati iliyong'atwa pembeni, wakafika vizazi vinne. Vinne tu! Na hizo seli za kusukuma nani kaziweka pale? Mtu. Ukiimwaga zenoboti kwenye mtaro haina mdomo wala tumbo, inaishi kwa akiba ya kiini cha yai iliyotoka nayo, wiki moja na siku kidogo, ikiisha inakufa na kuoza kama kitu kingine chochote.

Halafu ile ya "wameumba uhai", watu huchanganya na kazi ya 2010 ya Craig Venter, mwanasayansi wa Marekani, na timu yake. Pale waliandika kwa kemikali jenomu nzima (maelekezo yote ya urithi) ya bakteria Mycoplasma mycoides, herufi milioni moja na ushee, wakaipandikiza kwenye seli hai ya ndugu yake, Mycoplasma capricolum. Wafugaji ukoo huu wanaujua vizuri tu, ndo unaoleta homa ya mapafu ya mbuzi na ng'ombe. Yaani ni kama fundi wa Kariakoo anavyoflashi simu, programu mpya lakini simu kaikuta. Mwaka 2016 wakapunguza mpaka jeni 473, na kati ya hizo 149 kazi yake hawakuijua, kwa hiyo muumbaji gani huyo asiyejua theluthi ya alichoandika.

Eti zinafikiri? Zile za 2020 hazina neva hata moja, tuendelee.

Mimi kinachonishangaza ni kingine kabisa, nacho hakipo kwenye klipu. Mwaka 2023 Tufts walichukua seli za koromeo la hewa za watu wazima, wakazikuza mpaka zikawa vidonge vidogo vinavyoogelea, wakaviweka juu ya tabaka la neva lililokwaruzwa kwenye sahani, na neva zikaota na kuziba pengo pale pale vilipokaa. Hakuna aliyevifundisha. Na vinyweleo vinavyoviogelesha ni vile vile ambavyo sasa hivi, kifuani kwako, vinapandisha makohozi.