Margaret Rutherford na uchekeshaji wa mtu asiyetania

Wanafunzi ninaowafundisha uigizaji karibu wote hutaka kuwa steringi. Ninapowaambia kwamba wapo waigizaji waliojijengea jina kwa nafasi za shangazi, mwalimu mkuu, mganga na bibi kizee wa jirani, hunitazama kana kwamba ninawapunja. Ndipo huwawekea filamu za Margaret Rutherford, Mwingereza aliyezaliwa Balham, London, mwaka 1892, ambaye alifundisha piano na ufasaha wa kusema kabla ya kuingia katika jumba la maonyesho la Old Vic mwaka 1925, akiwa na miaka 33. Umri huo wenzake wengi walikuwa wamekwisha kuzoeleka jukwaani, naye hakuwa na sura ya binti wa kupendwa na shujaa wa hadithi: alikuwa na umbo kubwa, macho ya kuchomoza na kidevu kilichotikisika kila alipokasirika.

Sipendi kueleza sanaa ya mtu kwa misiba yake, lakini hapa siwezi kuiruka. Mwaka 1883, kabla Margaret hajazaliwa, baba yake, aliyekuwa na maradhi ya akili, alimuua baba aliyemzaa yeye, yaani babu yake Margaret, akafungiwa katika Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili. Mama naye alifariki Margaret angali mdogo sana, na mtoto akalelewa Wimbledon na shangazi yake. Yeye mwenyewe aliandamwa na vipindi vya huzuni kubwa maishani, na huenda ndiyo sababu hakuwahi kuwafanyia mzaha watu aliowaigiza.

Mfano ninaourudia zaidi darasani ni wa Madame Arcati, mwita mizimu katika tamthilia ya Noël Coward, *Blithe Spirit*, iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1941, na ambayo David Lean aliitolea filamu mwaka 1945. Rutherford alisita kuipokea nafasi hiyo kwa sababu mambo ya roho hakuyaona kuwa ya kuchezewa, na ni kusita huko kulikompa ufunguo wa mhusika. Tazameni anavyowasili kwa baiskeli, mwenye afya tele, kisha anavyoandaa kikao cha kuita wafu: anachagua sahani ya santuri kwa makini, anapanga watu mezani, anazima taa, yote kwa utulivu wa fundi aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara mia. Mzimu unapokuja kweli, yeye hauoni, ila akisikia kwamba umo chumbani hujawa na furaha ya mtoto aliyeletewa zawadi. Mtazamaji anavunjika mbavu, huku Arcati akiwa hana habari kwamba kuna cha kuchekesha. Mwanafunzi akiigiza mandhari hiyo huku akituibia jicho kuona kama tumecheka, kicheko hukatika papo hapo, nami humrudisha mwanzo, kwenye baiskeli.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyombeba katika *The Happiest Days of Your Life*, jukwaani mwaka 1948 na katika filamu ya mwaka 1950, ambamo shule ya wasichana inapelekwa kimakosa ndani ya shule ya wavulana. Mwalimu mkuu wake anaingia kama jemadari aliyekabidhiwa ngome, na Alastair Sim, kama mwalimu mkuu wa wavulana, anabaki kujitetea tu.

Kwa watazamaji wengi, hata hivyo, Rutherford ni Miss Marple, bibi mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, katika filamu nne zilizotoka kati ya mwaka 1961 na 1964. Hapa lazima niwape haki wasomaji wa Christie wanaolalamika, kwani Marple wa vitabuni ni bibi mwembamba, mpole, anayefuma huku akisikiliza, ilhali huyu wa filamu anapanda farasi na kupambana kwa upanga. Rutherford alivaa nguo zake mwenyewe katika filamu hizo, na mumewe, Stringer Davis, aliyeoana naye mwaka 1945, akapewa nafasi ya Mr Stringer, mhusika ambaye hayumo vitabuni kabisa. Christie hakuzipenda filamu hizo, lakini riwaya yake ya mwaka 1962 aliitabaruku kwa Rutherford. Nadhani alijua kutofautisha mwigizaji na hati aliyopewa.

Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi aliipata mwaka 1964 kwa *The V.I.P.s*, akiwa Duchess wa Brighton, bibi wa tabaka la makabaila aliyeishiwa fedha na kukwama uwanja wa ndege kwa sababu ya ukungu, anayekwenda Marekani kutafuta fedha za kuiokoa nyumba yake. Heshima ya Dame, cheo anachopewa mwanamke na ufalme wa Uingereza, aliipata mwaka 1967, miaka mitano kabla ya kifo chake.

Mimi lakini hufunga somo kwa *Chimes at Midnight*, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1965, ambamo yeye ni Mistress Quickly, mwenye nyumba ya ulevi. Falstaff, mlevi mcheshi wa tamthilia za Shakespeare, amekufa, na Quickly anasimulia alivyompapasa miguu, kisha magoti, akaendelea kupanda juu, na kila alipogusa palikuwa baridi kama jiwe. Sauti ni ile ile ya Arcati, macho ni yale yale, na kidevu hakijabadilika. Darasani hakuna anayecheka.