Ibara ya 5 ya NATO inaahidi nini hasa?

Urusi ikiivamia Estonia, je, Marekani inalazimika kuingia vitani? Swali hili huulizwa kila mvutano unapozuka kwenye mipaka ya nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania), na wengi hujibu ndiyo bila kusita. Mkataba wenyewe wa NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya, hausemi hivyo.

Ibara ya 5 ya mkataba uliotiwa saini na nchi 12 mjini Washington, tarehe 4 Aprili 1949, inatamka kuwa mwanachama mmoja akishambuliwa kwa silaha, wote wamehesabiwa kushambuliwa. Hatua za kumsaidia, kila nchi hujiamulia yenyewe. Nguvu za kijeshi zimetajwa, lakini hakuna anayelazimishwa kuzitumia, kwa kuwa Baraza la Seneti la Marekani halikuwa tayari kuona mamlaka ya kutangaza vita yakitoka mikononi mwa Bunge lao. Tangu hapo ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na aliyesaidiwa alikuwa Marekani. Estonia, nchi ya watu takriban milioni 1.3, ilijiunga mwaka 2004. Vijana wake walipigana na kufa Helmand, Afghanistan. Anayesema nchi ndogo ndani ya NATO ni mzigo tu hawatendei haki.

Kama maandishi hayalazimishi, kinachoizuia Urusi ni nini? Ni askari waliokwisha kuwapo. Baada ya Urusi kuitwaa Krimea kutoka Ukraine mwaka 2014, viongozi wa NATO waliokutana Warsaw mwaka 2016 waliamua kupeleka vikosi vinne: Uingereza ikaongoza kile cha Estonia, Kanada cha Latvia, Ujerumani cha Lithuania na Marekani cha Poland. Kila kimoja kilikuwa na askari elfu moja hivi, idadi isiyoweza kusimamisha jeshi zima. Lakini mvamizi atalazimika kuua Waingereza au Wakanada tangu siku ya kwanza, na hapo wabunge wa London na Ottawa hawatakuwa wakijadili vita vya watu wengine. Ujerumani sasa inajenga brigedi ya askari wapatao 5,000 nchini Lithuania, iwe imekamilika ifikapo 2027.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uchokozi usiofikia kiwango cha vita. Desemba 25, 2024, kebo ya umeme ya Estlink 2, inayopita chini ya bahari kati ya Finland na Estonia, ilikatika. Finland ikaizuia meli ya mafuta iliyotoka bandari ya Urusi. Septemba 19, 2025, Estonia ilisema ndege tatu za kivita za Urusi aina ya MiG-31 zimekaa katika anga yake dakika 12, Urusi ikakana. Estonia haikugusa Ibara ya 5. Ilitumia ya 4, inayowaita wanachama kushauriana.

Mwezi Juni 2025, mjini The Hague, wanachama waliahidi kufikia matumizi ya ulinzi ya asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, na hadi asilimia 1.5 kati ya hizo ni za mambo kama miundombinu. Fungu hilo halipewi uzito unaostahili. Reli nyingi za Baltiki zina upana wa milimita 1,520, urithi wa enzi za Urusi, ilhali za Ulaya Magharibi ni 1,435. Vifaru vinavyotoka Ujerumani kwa treni ya kawaida havivuki mji wa Kaunas, Lithuania, ambako reli za upana wa Ulaya kutoka Poland zinakomea, bila kuhamishiwa mabehewa mengine au kubadilishiwa magurudumu, na mradi wa Rail Baltica, wenye reli za upana wa Ulaya kutoka Poland hadi Tallinn, bado unajengwa.