Nyumba inalipa, au imepanda bei tu?

Jumamosi, harusini, jamaa yangu alijisifu kwamba nyumba yake ya kupangisha ya Ruiru, karibu na Nairobi, "inalipa sana". Nikamuuliza kodi ni ngapi kwa mwezi. Akaanza kunihadithia bei aliyonunulia ile ploti kabla Thika Road haijapanuliwa.

Hayo ni mambo mawili. Nyumba inalipa pale ambapo, ukishatoa mkopo, ushuru, fundi wa mabomba, mshahara wa keateka na miezi iliyokaa bila mpangaji, bado kuna kitu kimebaki mfukoni. Kupanda thamani ni pengo kati ya bei uliyonunulia na bei utakayouzia.

Hili neno thamani ndilo linalotuponza. Asili yake ni Kiarabu, thaman, na maana yake huko ni bei, yaani kile mnunuzi anachokutolea. Uzito wa kitu chenyewe, awepo mnunuzi asiwepo, ni qima, neno ambalo kwetu limekuwa kima na tukalifungia kwenye kima cha chini cha mshahara. Kazi yake yote tukaitwika thamani. Ndiyo maana mtu anatamka "thamani yake milioni kumi" kana kwamba zimo kabatini, na hakuna aliyemtolea hata shilingi.

KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ambao hawana undugu na mtu, hawachanganyi kulipa na kupanda bei. Landilodi wa nyumba za kuishi anayepata kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hukatwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na gharama zake hazipunguzwi kwanza. Ile faida ya kupanda bei hutozwa asilimia 15, lakini mpaka uuze. Chukua nyumba ya kodi ya 30,000 kwa mwezi: ushuru ni 2,250, inabaki 27,750. Mkopo wa kila mwezi ukiwa 35,000, wewe ndiye unayeilipa nyumba.

Si kosa kuchagua hivyo. Mwenye mshahara wa kutosha anaweza kungoja miaka kumi ploti ipande. Mstaafu ni heri vyumba vya bedsita vya karibu na chuo, hata kama mtaa wenyewe haupandi bei.

Jamaa yangu ana ploti nzuri, na sina kijicho. Imempandia bei kweli. Kulipa ndiyo bado, maana mkopo wa mwezi huu ameutoa kwenye mshahara wake.