"Ana watu": mahakama inataka kujua nini hasa?

Hapa Tanga ndugu wa mshtakiwa hawasemi mtu wao anaumwa akili. Wanasema "ana watu", yaani amekaliwa na mashetani. Mama mmoja, baada ya shikamoo na marahaba, alinishika mkono: "Mwanangu, si yeye aliyempiga yule panga, ni hao waliomkalia." Mimi ni mwanasaikolojia ninayesaidia kuwapima washtakiwa; sikubishana naye. Nilichotaka kwake ni mengine: aliacha kuoga lini? Halali usiku tangu mwezi gani? Alianza lini kudai majirani wanamsema ukutani?

Maana mahakama haiulizi habari za mashetani, wala kama mtu ni kichaa tu basi. Sheria yetu inamhesabu kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitishwe vingine. Maswali ni mawili, na hata mawakili huyachanganya. Je, leo anaielewa kesi yake kiasi cha kujitetea? Na siku ile, ugonjwa ulimzuia kujua anachotenda, au kujua kwamba hakupaswa kukitenda? Aliyetulia kizimbani leo huenda siku ile hakuwa mwenyewe.

Mahakama ikitia shaka, humpeleka hospitali ya akili, kama Isanga kule Dodoma, na daktari ana siku 42 za kuleta ripoti. Sisi wanasaikolojia tunasaidia kwa mahojiano na vipimo. Kabla ya lolote namwambia mahabusu: mimi si wakili wako, utakayosema yataandikwa. Wengine hunyamaza papo hapo. Haki yao.

Wanaojifanya wapo. Mbele yangu hata jina la mama hawalijui. Nyapara wa selo ananiambia jana usiku walikuwa wanadai sabuni yao iliyokopwa.

Panga ndilo gumu. Mwana wa yule mama alilificha kwenye mikoko. Mwendesha mashtaka anasema: aliyeficha alijua ni kosa. Huenda. Mimi namuuliza mshtakiwa, ulimficha nani hilo panga? Akijibu "polisi", hilo ni moja. Akisema panga lilikuwa likimwita jina, hilo ni lingine, na bado nalilinganisha na ya mama yake na maelezo ya polisi.

Mahakama ikiona alitenda kwa ugonjwa, familia hudhani jioni wanaye nyumbani. Wapi! Anawekwa kizuizini kama mgonjwa, pengine muda mrefu kuliko kifungo chenyewe. Ndiyo maana kwenye kesi ya wizi wa kuku, wakili anayejua kazi hataki hata kutusikia.