Masafa si marudio

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniita nikaone osiloskopu, chombo cha kuchora mawimbi ya umeme, aliyoiunda mwenyewe: Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta), kapasita moja, rezista mbili za kuinua mawimbi yakae kati ya volti 0 na 5, kwa sababu Arduino haisomi volti hasi, na waya aliokata kwenye spika za masikioni. Simu ikapiga mlio wa hezi 500, yaani mawimbi 500 kwa sekunde, mstari ukaanza kucheza kwenye skrini ya kompyuta. Akapandisha hadi hezi 1000, milima ikabanana maradufu. Akashangilia: "Umeona masafa yalivyoongezeka!"

Kazi nzuri mno. Neno ndilo silo, na nalisikia kila siku, hata redioni.

Osiloskopu huchora volti inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda. Kilichoongezeka pale ni marudio, yaani idadi ya mawimbi yanayotimia kwa sekunde 1.

Masafa ni umbali. Tumelipata neno hilo kwa Waarabu, na kwao pia ni umbali. Ndiyo maana mtu husafiri masafa marefu. Marudio Waarabu huyaita taraddud, neno la mzizi uleule uliotupa "kurudi". Kwa hiyo tunalo letu, tena la ukoo huohuo, halafu tunaliacha kabatini!

Wazee wa redio za mkulima walilitumia neno masafa vizuri. Walisema "masafa mafupi, mita 31", wakimaanisha urefu wa wimbi, na hapo marudio ni kama hezi milioni 9.5. Masafa yakifupika, marudio huongezeka. Mtangazaji wa leo anayesema "masafa ya 98.1 FM" anataja marudio kwa jina la kinyume chake.

Hata kile kilichofupika kwenye skrini hakikuwa masafa, kwani mstari wa mlalo hupima muda: wimbi moja lilitoka milisekunde 2 likawa 1. Masafa hupimika mlio unapopita hewani, kati ya spika na sikio. Sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde, basi mlio wa hezi 500 una wimbi la sentimita 68, na ule wa 1000 sentimita 34.

Nilimwomba arudie jaribio, safari hii akipandisha mlio polepole, na aseme "marudio yanaongezeka, masafa yanapungua". Alisema, akachukua rula kupima sentimita 34 mezani.