Tela mbili nyuma ya lori moja: maana ya muunganiko wa A, B na C

Lori linapovuta tela mbili, tela ya kwanza hukaa kwenye kichwa kama kawaida, pini yake ikiingia katika sahani iliyo nyuma ya kichwa na kujifunga. Tofauti huanzia kwenye tela ya pili, na huko Kanada na Marekani tofauti hiyo hutajwa kwa herufi A, B na C.

Katika muunganiko wa A, mbele ya tela ya pili huwekwa doli, yaani kigari kidogo chenye sahani juu na mkono mmoja wa chuma unaonaswa kwenye ndoano ya tela ya kwanza. Hapo hupatikana viungo vitatu vya kukunjika: kwenye kichwa, kwenye ndoano na juu ya doli. Dereva akikwepa kitu ghafla akiwa kasi, tela ya mwisho huweza kuchapwa pembeni kwa nguvu takriban maradufu ya ile ya kichwa, na kwa kuwa ndoano haizuii tela kulala upande, huweza kupinduka peke yake kabla dereva hajahisi chochote kwenye usukani.

B haina doli. Fremu ya tela ya kwanza hurefushwa nyuma na kuwekewa sahani, tela ya pili ikakaa hapo. Viungo hubaki viwili, na tela huegemeana: moja ikitaka kulala, nyingine huishikilia. Ndiyo maana makubaliano ya majimbo ya Kanada ya mwaka 1988 yaliipa B kikomo cha uzito wa jumla cha tani 62.5, na A tani 53.5 tu. Afrika Kusini huiita interlink.

C hutumia doli ya mikono miwili, isiyoweza kupinda kwenye ndoano. Kwa hiyo magurudumu yake hujigeuza yenyewe kwenye kona, la sivyo tairi zingesagika. Ni tulivu, lakini doli yake ni nzito na ghali.

Kwa utulivu, B ndiyo bora, ila A haijaondoka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 iliyalazimisha majimbo kukubali jozi za tela za futi 28 kwenye barabara kuu, na kampuni za vifurushi zinazipenda kwa sababu tela yoyote yaweza kuwa ya mbele au ya nyuma, na mlango wake hugusa ukingo wa ghala. Tela ya mbele ya B huzuiwa na sahani iliyochomoza nyuma, isipokuwa ile ambayo sahani yake husogezwa chini ya bodi. Taabu ya A ni kurudi nyuma: aliyepotea njia mara nyingi hulazimika kushuka na kuzitenganisha tela.