Je, Wajua? Kwa Nini Kocha Heisman Aliacha Timu Yake Ishinde 222 kwa 0

Tarehe 7 Oktoba 1916, mjini Atlanta, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Georgia Tech iliifunga timu ya chuo cha Cumberland pointi 222 kwa 0. Namba hiyo haina makosa ya uchapaji. Katika futiboli ya vyuo vya Marekani hakuna aliyewahi kuchezea kichapo kikubwa kuliko hicho, na kila anayekisikia huuliza: kwani timu hiyo haikuwa na kocha wa kuwaambia vijana kwamba sasa basi, inatosha?

Kocha alikuwepo. Aliitwa John Heisman, na alikuwa na kinyongo.

Mbali na futiboli, Heisman alifundisha pia timu ya besiboli ya Georgia Tech. Miezi michache kabla, Cumberland walikuwa wamemtandika 22 kwa 0 katika besiboli, na habari zikasambaa kwamba walichezesha mamluki: wachezaji wa kulipwa kutoka Nashville waliovalishwa jezi za chuo. Yeyote aliyepitia mashindano ya shule anaujua mchezo huo, na anajua jinsi unavyouma.

Baadaye Cumberland wakavunja timu yao ya futiboli. Wangeomba radhi mechi ifutwe na mambo yangekwisha, lakini Heisman alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mkataba alikuwa nao mkononi. Wakija Atlanta watalipwa dola 500. Wasipokuja, watalipa fidia ya dola 3,000, ambazo kwa chuo kidogo cha Lebanon, Tennessee, zilikuwa pesa za kukosesha usingizi. Basi mwanafunzi mmoja, George Allen, aliyekuwa meneja wa timu, akakusanya wenzake, baadhi yao wanafunzi wa sheria wasio na mazoezi yoyote ya maana, wakapanda treni.

Kulikuwa na sababu nyingine, na mimi naiona ndiyo iliyomfanya Heisman asiwe na haraka ya kusimamisha mvua ile. Waandishi wa michezo wa wakati huo walikuwa na tabia ya kupima ubora wa timu kwa kujumlisha pointi ilizofunga msimu mzima. Heisman aliona huo ni upuuzi, kwa sababu timu yoyote inaweza kuvimbisha hesabu kwa kuwaonea wanyonge. Aliamua kuwaonyesha kwa vitendo.

Kwa asiyeujua mchezo huu: timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu, inapewa manne mengine. Kuvuka mstari wa mwisho na mpira ni pointi 6, kisha unapiga teke la kuongeza 1. Siku ile hakuna timu iliyopata majaribio mapya hata mara moja. Cumberland walishindwa kusogea. Tech hawakuyahitaji, maana walikuwa wakivuka mstari kabla majaribio ya kwanza hayajaisha. Walivuka mara 32 na kupiga mateke 30 ya ziada. Fanya hesabu mwenyewe.

Robo ya kwanza iliisha 63 kwa 0, na hadi mapumziko ni 126. Inasimuliwa kwamba Heisman aliwaambia vijana wake wasilegeze, kwani huwezi kujua hawa Cumberland wamekuja na hila gani. Sijui kama kuna mchezaji aliyejizuia kucheka. Kisa kingine kinachosimuliwa tangu siku ile ni cha mchezaji wa Cumberland aliyeangusha mpira, akamwita mwenzake auokote. Mwenzake akaangalia mafahali waliokuwa wakija mbio, akajibu: uokote mwenyewe, ni wewe uliyeuangusha. Kipindi cha pili kilifupishwa, huruma pekee iliyoonekana uwanjani.

Ajabu ni kwamba katika mauaji yote hayo Tech hawakurusha pasi ya mbele hata moja, na kocha wao ndiye miongoni mwa waliopigania zaidi pasi hiyo iruhusiwe. Hapo mwanzo futiboli ya Kimarekani ilifanana na raga: mpira ulipitishwa pembeni au nyuma tu, na kusonga mbele kulimaanisha kundi la wanaume kushikana na kumsukuma mwenye mpira kupenya ukuta wa wenzao. Watu walivunjika shingo. Mwaka 1905 peke yake waliokufa walikaribia 20, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuwataka wausafishe mchezo. Heisman alishawahi kuona, mwaka 1895, mchezaji wa North Carolina aliyebanwa akiutupa mpira mbele kwa kukata tamaa, mwenzake akaudaka na kukimbia hadi mwisho. Tangu hapo aliamini dawa ni hiyo: ukiruhusu kurusha mbele, wachezaji watatawanyika. Akamwandikia Walter Camp, mkubwa wa kamati ya kanuni, bila mafanikio. Pasi iliruhusiwa mwaka 1906, vifo vilipotia aibu.

Safari yake ya ukocha ilianzia Oberlin, Ohio, mwaka 1892, ikapitia Auburn na kufika Clemson. Akiwa Clemson mwaka 1903 aliifunga Georgia Tech 73 kwa 0. Tech wakafanya kile ambacho viongozi wa klabu zetu nao wangefanya: wakamchukua. Wakampa dola 2,250 kwa mwaka pamoja na asilimia 30 ya mapato ya mlangoni. Alikaa miaka 16, na mwaka 1917 aliwapa ubingwa wa taifa.

Msimu ukiisha alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na lugha ya jukwaani ilimfuata hadi uwanjani. Wachezaji wapya aliwaonyesha mpira, akawauliza ni kitu gani, kisha akawaambia kwamba ni afadhali mtu angekufa akiwa mtoto mdogo kuliko kuuangusha.

Aliondoka Atlanta kwa sababu isiyohusu futiboli. Yeye na mkewe Evelyn walikubaliana kuachana bila ugomvi, na ili wasisumbuane wakaafikiana wasiishi mji mmoja. Evelyn alichagua kubaki Atlanta. Heisman akafunga virago, akafundisha Pennsylvania, kisha Washington and Jefferson, na mwisho Rice kule Texas hadi 1927.

Uzeeni alikuwa mkurugenzi wa michezo wa Downtown Athletic Club, New York. Klabu hiyo ilipotaka kumtuza kila mwaka mchezaji bora wa vyuo, inasemekana yeye mwenyewe alisita, akisema mchezo huu ni wa timu. Tuzo ya kwanza ilitolewa 1935 kwa Jay Berwanger wa Chicago. Heisman alifariki Oktoba 1936, na mwaka huohuo tuzo ikapewa jina lake. George Allen naye aliishia kuwa mshauri wa marais, akiwemo Harry Truman, na habari za ile 222 aliendelea kuzisimulia kwa kicheko.